Tuhesabu kwa Mikono Yetu: Takwimu Darasani na Mwanafunzi wa Kiswahili

Ni desturi yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kujitambulisha kuwa watu wa maneno wala si watu wa tarakimu. Wengi wetu, tulipoikabidhi karatasi ya mwisho ya Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne, tulishusha pumzi tukidhani kwamba tumeagana na somo hilo hadi kiama. Kumbe Hisabati haikutuacha; ilitutangulia tu, ikaenda kutungoja katika sura ya nne ya tasnifu, pale penye kichwa "Uwasilishaji na Uchanganuzi wa Data". Hapo ndipo mtu aliyeweza kuchambua tamthilia nzima bila kutweta huanza kutafuta wa kumsaidia kuchora jedwali.

Katika makala haya ninanuia kutoa maoni kuhusu namna tunavyofundishwa, au tusivyofundishwa, takwimu katika masomo yetu ya Kiswahili. Msimamo wangu ni kwamba takwimu ifunzwe kwa Kiswahili, kwa kutumia matini za Kiswahili, na ifunzwe kwanza kwa shughuli za mikono darasani: kuchota, kuhesabu, kupima, kupanga na kubishana, kabla ya mwanafunzi kuketishwa mbele ya kompyuta. Sisemi haya kwa sababu nimebobea katika taaluma hiyo. Nasema kwa sababu niliwahi kuaibika.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili niliwasilisha makala ya semina kuhusu mitazamo ya wasomaji juu ya ushairi wa kimapokeo na ushairi huru. Niliandika kwa fahari kwamba asilimia 60 ya wasomaji hupendelea ushairi unaozingatia arudhi. Palikuwa na jedwali lenye mistari iliyonyooka na chati ya mviringo yenye rangi mbili. Nilipomaliza, mhadhiri mmoja aliniuliza kwa upole, "Hao asilimia 60 ni watu wangapi?" Nikajibu, "Ni watatu, Daktari." "Kati ya wangapi?" "Kati ya watano." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Basi andika watatu."

Nilichomficha mhadhiri yule siku hiyo ni kwamba jedwali lenyewe halikuwa langu. Nilikuwa nimezipeleka hojaji zangu tano katika kibanda cha kompyuta, vile tunavyoviita saiba, nikamlipa kijana mmoja aniandalie "uchanganuzi". Kijana alifanya kazi yake vizuri. Aliniuliza tu ninataka chati ya rangi gani. Hakuniuliza ninatafuta nini, nami sikujua kwamba alistahili kuniuliza.

Sidhani niko peke yangu. Anayeishi karibu na chuo chochote anayajua matangazo yaliyobandikwa ukutani na kwenye nguzo za stima: "Uchanganuzi wa data, SPSS, bei nafuu." Siku hizi hata safari ya saiba imefupishwa, kwani zipo programu za akili unde ambazo mtu akizipa data zake humrudishia aya tatu za ufafanuzi uliopangwa vizuri. Silaumu programu wala vijana wa saiba. Ninachosikitikia ni kwamba mwenye utafiti hubaki mgeni katika utafiti wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumebuni hali mpya: daftari tunalo, tena la kupendeza, lakini hatuwezi kulisoma.

Isitoshe, udhaifu huu hauishii katika tasnifu. Mnamo mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Katika sherehe za siku hiyo husemwa, na ni haki yetu kujivunia, kwamba Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Maandishi mengine hutaja milioni 100, mengine 150. Sisemi kwamba idadi yoyote kati ya hizi ni ya uongo. Nauliza tu ni wangapi miongoni mwetu tunaozinukuu ambao wamewahi kujiuliza: msemaji ni nani? Je, ni yule aliyezaliwa Lamu akanyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama, au ni pamoja na mfanyabiashara wa Kampala anayejua bei na salamu? Je, mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa Kiswahili lakini haongei Kiswahili nyumbani amehesabiwa? Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019, iliyopata watu 47,564,296, ilianza kwa kufafanua ni nani wa kuhesabiwa na mahali gani: mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Pasipo ufafanuzi wa aina hiyo, nambari ni pambo tu, kama bangili isiyo na mkono.

Hapa huenda msomaji akasema kwamba kuhesabu si jadi yetu. Kwa hakika, ni jadi yetu hasa. Hakuna mwanafunzi wa fasihi nchini anayehesabu zaidi ya mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Tangu shule ya upili tunajua kwamba mshororo wa kawaida wa tarbia una mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, na kwamba mshororo wa utenzi hutosheka na 8. Tumehesabu kwa vidole chini ya dawati, tukigonga silabi moja baada ya nyingine, ili kujua kama mtunzi amepungukiwa au amezidisha. Mjadala mkali wa wanamapokeo na wanausasa, uliopamba moto miaka ya 1970 hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha diwani ya Kichomi mwaka wa 1974, kwa sehemu kubwa ulikuwa mjadala kuhusu kama hesabu hii ni roho ya shairi au ni vazi lake. Aidha, sokoni wazee wetu walijua kwamba vibaba 4 hufanya pishi 1, na muuzaji aliyepunja kibaba alijulikana mtaa mzima. Hatuna sababu ya kuiogopa takwimu kana kwamba ni jini la ng'ambo.

Fauka ya hayo, takwimu yenyewe ilikuwa kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya mashine, na baadhi ya hatua zake muhimu zilipigwa juu ya maandishi ya fasihi. Mnamo mwaka wa 1913 mwanahisabati Mrusi, Andrei Markov, alichukua Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akahesabu herufi 20,000 za mwanzo. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Kisha akahesabu ni mara ngapi irabu hufuatwa na irabu nyingine, na ni mara ngapi hufuatwa na konsonanti. Aligundua kwamba herufi haiji kwa kubahatisha tu. Inategemea ile iliyoitangulia. Wazo hilo, lililotokana na kuhesabu herufi za utungo wa kishairi kwa kalamu na karatasi, lilikuja kuwa mojawapo ya misingi ya mitambo inayotabiri maneno leo. Hebu fikiria kazi kama hiyo ingetoa matokeo gani katika Kiswahili, lugha ambayo maneno yake karibu yote huishia kwa irabu!

Mfano wa pili ni wa William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Tatizo lake lilikuwa lile lile lililoniaibisha mimi katika semina: alikuwa na sampuli ndogo na alitaka kujua aziamini kwa kiasi gani. Alichukua vipimo vya urefu wa watu 3,000 na vya vidole vyao vya kati, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, akavichanganya barabara, kisha akavitoa kwa kubahatisha na kuvigawa katika mafungu ya vinne vinne. Hivyo alipata sampuli 750 ndogo, akatazama zinavyotofautiana. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1908, na jaribio tunalolikuta leo katika kila programu ya takwimu linatokana na kazi hiyo. Jambo la kufurahisha ni kwamba hakutumia jina lake. Alitumia lakabu ya Kiingereza yenye maana ya "Mwanafunzi".

Mfano wa tatu unatugusa zaidi sisi wa fasihi. Kati ya mwaka wa 1787 na 1788 zilichapishwa nchini Marekani makala 85 za kuitetea katiba mpya, bila majina halisi ya waandishi. Makala 12 kati ya hizo zilizua ubishi wa muda mrefu: je, ziliandikwa na Alexander Hamilton au James Madison? Frederick Mosteller na David Wallace walilishughulikia suala hilo na kuchapisha kitabu mwaka wa 1964. Hawakutazama maneno mazito kama "uhuru" na "serikali", maana hayo kila mmoja aliyatumia kulingana na mada. Walitazama maneno madogo madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kujua. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya "juu ya", Hamilton alilitumia takriban mara 3 katika kila maneno 1,000, ilhali Madison hakulitumia ila kwa nadra. Hitimisho lao lilikuwa kwamba Madison ndiye mwandishi. Kabla ya kompyuta kuwasaidia, kazi ilianza kwa karatasi zilizokatwa vipande, kila kipande neno moja, na inasimuliwa kwamba mtu akifungua mlango, upepo ulivirusha vipande chumba kizima.

Sisi nasi tunayo mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na mengine mengi ya kale ambayo wahariri wameyapa watunzi kwa kutegemea masimulizi na hisia. Sidai kwamba hesabu ya maneno itamaliza ubishi wa aina hiyo, hasa pale matini zenyewe zilipopitia mikono ya wanakili wengi. Lakini ni nani atakayejaribu, ikiwa mwanafunzi wa Kiswahili haamini kwamba "na" na "kwa" ni data?

Sasa nieleze shughuli mbili nilizozishuhudia mwenyewe, ili msimamo wangu usibaki wa hewani.

Kabla ya kurudi chuoni nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili ya mashambani. Mwenzangu wa Hisabati alikuwa akifundisha takwimu katika kidato cha tatu, na siku moja aliniomba nimsaidie kusimamia darasa. Alileta ndoo yenye mahindi 300 na maharagwe 100, yale yale ya kupikia githeri. Hakuwaambia wanafunzi idadi. Maharagwe yalimwagwa juu ya mahindi, bila kukorogwa. Kundi la kwanza lilichota kikombe kimoja kutoka juu, likahesabu, likatangaza kwamba ndoo ina maharagwe matupu. Darasa likapinga. Mwanafunzi mmoja, msichana ambaye katika vipindi vyangu alikuwa mkimya, alisema, "Mwalimu, hata mpishi haonji mchuzi kabla ya kukoroga." Sijawahi kusikia ufafanuzi bora wa usampulishaji nasibu.

Ndoo ilikorogwa. Makundi 12, kila moja la wanafunzi wanne, yakachota mbegu 20 bila kuangalia, yakahesabu maharagwe, yakarudisha mbegu zote na kukoroga tena kabla ya kundi lililofuata. Ukweli ulikuwa robo, yaani maharagwe 5 katika kila mbegu 20. Lakini kundi moja lilipata 2 na jingine 8. Kila kundi liliapa kwamba halikukosea, na kweli hakuna lililokosea. Kisha wakachota mbegu 80 badala ya 20. Safari hii hakuna kundi lililoshuka chini ya 15 wala kupita 25. Zilipoandikwa ubaoni kama asilimia, ilionekana wazi: kwa mbegu 20 makadirio yalitawanyika kutoka asilimia 10 hadi 40, kwa mbegu 80 yalikaribiana, kati ya asilimia 19 na 31. Hakuna fomula iliyokuwa imeandikwa bado. Hata hivyo, darasa zima lilikuwa limefahamu mambo matatu ambayo mimi, mwenye shahada ya kwanza, sikuyafahamu: kwamba sampuli njema hutanguliwa na kukoroga, kwamba sampuli mbili za haki zinaweza kutofautiana, na kwamba ukubwa wa sampuli hupunguza tofauti hiyo bila kuiondoa. Laiti ningalikumbuka ndoo ile siku nilipoandika asilimia 60!

Shughuli ya pili tuliifanya chuoni, katika kikundi chetu cha masomo, baada ya aibu yangu. Tulichukua ukurasa mmoja wa hadithi fupi. Kila mmoja aliombwa ateue kwa jicho maneno 10 anayodhani yanauwakilisha ukurasa ule, kisha ahesabu silabi za kila neno na kutafuta wastani. Baadaye tuliyapa maneno yote ya ukurasa nambari, tukaziandika nambari kwenye vijikaratasi, tukavitia katika kofia, na kila mmoja akatoa vijikaratasi 10 bila kuangalia. Mwisho tuligawana mistari, tukahesabu ukurasa mzima. Wastani wa kweli ulikuwa silabi 2.6. Maneno ya kofia yalitupa wastani uliozunguka hapo hapo, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Maneno ya jicho yalitupa wastani uliozidi silabi 4, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa chini ya wastani wa kweli. Kwa nini? Kwa sababu jicho la mwanafasihi hupenda kitenzi kirefu chenye viambishi vingi. Huliruka "na", huliruka "ya", huliruka "wa". Tulikuwa watu wazima, wasomi, wenye nia njema, na sote tulikosea kuelekea upande mmoja.

Nilirudi chumbani usiku ule nikiwa na wasiwasi. Ikiwa jicho langu linapotoka katika jambo dogo kama urefu wa maneno, je, linafanya nini ninapoteua mifano ya kuthibitisha kwamba mwandishi fulani huwadhalilisha wanawake, au kwamba fulani anapenda jazanda za bahari? Sisi husoma riwaya ya kurasa 200, tukachomoa dondoo 12, tukazipanga, tukahitimisha. Msimamizi akituuliza tulivyoziteua, tunaandika "uteuzi wa kimakusudi", na mambo yamekwisha. Kuteua kwa makusudi ni mbinu halali. Lakini makusudi yakiwa ni kupata tu kinachotuunga mkono, hatujafanya utafiti. Tumekusanya mashahidi wa upande mmoja, kisha tukajifanya hakimu.

Katika shughuli hiyo kulizuka pia ubishi ambao mhadhara usingeuzua. Neno "nchi" lina silabi ngapi? Mbili, kwa sababu "n" hapo inasimama peke yake. Na "ndizi"? Mbili pia, ila "n" imeungana na "d". "Daktari" je? Tulibishana robo saa, tukarejea vitabu vya fonolojia, tukakubaliana kanuni moja, tukaiandika, kisha tukahesabu upya. Hapo nilielewa kwamba data hazianguki kutoka mbinguni. Kabla ya kuhesabu kitu sharti ukubali kitu chenyewe ni nini, na makubaliano hayo uyaweke wazi ili mwingine aweze kuyapinga. Sisi wa Kiswahili tuna ujuzi mkubwa wa kufafanua dhana. Takwimu ilikuwa ikituhitaji kumbe, wakati sisi tukiikimbia.

Faida nyingine ni ya istilahi. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya sayansi. Katika chumba kile, watu sita wakibishana juu ya vijikaratasi, tulisema "wastani", "sampuli", "mtawanyiko", "kadirio", "upotofu wa jicho", na hakuna aliyekwama. Istilahi hukomaa ikitumiwa kazini, kama jembe linavyong'aa kwa kulimia. Istilahi inayokaa kamusini ikingoja kutumiwa hupata kutu.

Najua kuna pingamizi. Ya kwanza ni kwamba fasihi haipimiki. Kwamba ukimhesabia mshairi maneno yake, umemchuna ngozi ukidhani umemwona moyo. Naikubali hofu hii kwa nusu. Hakuna hesabu itakayotwambia kwa nini shairi linaliza. Lakini tunapoandika "mara nyingi", "aghalabu", "kwa kiasi kikubwa" na "takriban waandishi wote", tayari tunadai mambo ya hesabu, ila tumeyavika kanzu ya maneno. Anayesema "aghalabu" ajitayarishe kuulizwa: mara ngapi, kati ya ngapi?

Pingamizi la pili ni la mazingira. Madarasa yetu ya shahada ya kwanza ni makubwa, wengine husikilizia mhadhara dirishani, na muda ni mfupi. Ni kweli. Hata hivyo, shughuli nilizozieleza zinahitaji ndoo, kofia na karatasi. Darasa kubwa lina manufaa yake: makundi mengi hutoa sampuli nyingi, na sampuli nyingi ndizo zinazoonyesha mtawanyiko. Huwezi kumwonyesha mtu mmoja, kwa sampuli moja, jinsi sampuli zinavyotofautiana.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaouliza kwa nini tupoteze muda kuhesabu kwa vidole ilhali kompyuta hufanya kazi hiyo kwa nukta moja. Chuo Kikuu cha Helsinki kimekusanya matini za Kiswahili zenye mamilioni ya maneno, na kazi ya Arvi Hurskainen ya kuiwezesha kompyuta kuchanganua maneno ya Kiswahili inajulikana. Tunapaswa kuyatumia matunda hayo. Lakini kompyuta hujibu swali iliyoulizwa. Ukiipa hojaji tano itakupa asilimia 60 bila kuona haya, wala haitakwambia kwamba ndoo haikukorogwa. Mtoto hufundishwa kuhesabu kwa vidole kabla ya kupewa kikokotoo, wala hatusemi kwamba amepotezewa muda.

Kwa hivyo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wetu wa kozi ya mbinu za utafiti watenge angaa vipindi viwili vya shughuli kama hizi kabla ya kugusa fomula yoyote, na watumie matini za Kiswahili: ukurasa wa Taifa Leo, beti za utenzi, mazungumzo yaliyorekodiwa. Pili, chama chetu kiandae Jumamosi moja kila muhula, ambapo wanachama watahesabu pamoja matini moja na kuandika kanuni walizozitumia, ili hesabu hiyo ihifadhiwe na wanaokuja baadaye waisahihishe na kuiongeza. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka michache tutakuwa na hazina yetu wenyewe. Tatu, nasi wanafunzi tukubaliane kwamba hakuna atakayewasilisha jedwali ambalo hawezi kulichora upya ubaoni kwa chaki. Tukienda saiba, twende kupiga chapa.

Nimalizie kwa wale watu wangu watano. Baada ya semina nilifanya kama nilivyoagizwa. Nilifuta asilimia, nikaandika "watatu", na kando yake nikaandika "wawili". Mara nilipoliona neno "wawili" kwenye karatasi, nilijikuta nikiwakumbuka. Asilimia 40 haikuwa na sura, lakini wawili walikuwa na sura na majina. Niliwarudia. Mmoja wao, mzee mstaafu aliyependa sana kusoma, alishangaa nilipomsomea jibu lake. Kumbe alipoona katika hojaji yangu maneno "ushairi huru", alidhani ninamuuliza kuhusu mashairi yanayosema ukweli bila hofu ya serikali. "Hayo ndiyo ninayoyapenda, mwanangu," aliniambia, "na mengi niliyoyasoma yana vina na mizani."

Basi hawakuwa watatu kwa wawili. Walikuwa wanne, na swali langu ndilo lililokuwa bovu. Chati ile ya rangi mbili isingeniambia hayo hata kama ningeitazama mwaka mzima.